Tusirudie Udhu Usiotenguka: Somo la Kuharakisha Ujenzi wa Programu Kubwa



Ndugu msomaji, somo la toleo hili linawahusu zaidi wanaosoma kompyuta. Hata hivyo, nawaomba ndugu zangu wa sharia, elimu na biashara wasiruke ukurasa huu kabla ya kusoma kisa cha mwanzo. Kisa ni changu na kosa ni langu. Nimeamua kukiandika ili mwenzangu atakayekwenda kufanya kazi kama yangu asipite njia niliyopita.

Kisa cha Jinja

Likizo iliyopita nilitoka hapa Mbale kwenda Jinja kufanya mafunzo kwa vitendo. Nilipanda teksi asubuhi, tukapita Tirinyi na Iganga, na kabla ya Adhuhuri nilikuwa nimeshaonyeshwa meza yangu. Ofisi yenyewe, ambayo sitaitaja, inatengeneza mfumo wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwa ajili ya zahanati ndogo. Mfumo huo umejengwa juu ya OpenMRS, programu huria iliyoanzishwa mwaka 2004 na kuanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006. Hapa Uganda pia OpenMRS si ngeni, kwani mfumo wa UgandaEMR umejengwa juu yake. Imeandikwa kwa lugha ya Java, na chombo cha kuijenga ni Maven. Juu yake ofisi ilikuwa imeongeza moduli zake 34.

Wiki ya tatu nilipewa kazi ndogo. Muuguzi wa zahanati moja alitaka orodha ya wagonjwa wanaotakiwa kurudi kuchukua dawa ndani ya wiki, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Nilibadilisha mstari mmoja tu wa msimbo. Kisha nikatoa amri ya kujenga programu yote, nikasubiri. Ujenzi ule ulikuwa ukichukua dakika 47.

Dakika ya arobaini umeme ukakatika. Jinja ndiko liliko bwawa la Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954 likiitwa Owen Falls, lakini kukaa kando ya mto si kunywa maji. Betri ya laptopu yangu ilikuwa imechoka, ikazimika nayo. Umeme uliporudi nikaanza upya. Adhana ya Alasiri ikanikuta bado nasubiri, na gari la kwenda zahanati lilikuwa linaondoka. Hapo nikafanya jambo ambalo wengi wetu tumelifanya: nikaongeza maneno `-Dmaven.test.skip=true` kwenye amri yangu, yaani niliiambia Maven iache majaribio yote. Ujenzi ukaisha mapema, nikaweka zao lake kwenye flashi, nikaondoka.

Wiki iliyofuata muuguzi akanipigia simu. Kwenye mstari ule mmoja nilikuwa nimeandika "kabla ya Ijumaa" mahali pa "hadi Ijumaa". Wagonjwa 11 ambao tarehe yao ilikuwa siku ya Ijumaa hawakutokea kwenye orodha, na hakuna aliyewakumbusha. Aligundua kwa sababu mzee mmoja wa dawa za presha alikuja mwenyewe na kadi yake mkononi. Muuguzi aliniambia kwa upole, "Mwanangu, kompyuta yako imemsahau mzee huyu. Bahati nzuri kadi yake haikumsahau."

Tuliwatafuta wale kumi waliobaki siku nzima. Mmoja alikuwa ameshakwenda kijijini, akapatikana baada ya siku sita, na siku zote hizo hakuwa na dawa. Alhamdulillah, hakudhurika. Lakini jambo lililoninyima usingizi ni hili: katika majaribio niliyoyaruka, mlikuwamo moja lililoandikwa na mtu aliyenitangulia kwa ajili ya kosa hilihili la siku ya mwisho. Kama ningelisubiri, lingenikamata.

Ndiyo maana nasema, ndugu msomaji, kwamba kasi ya ujenzi haihusu raha ya mwandishi wa programu. Ujenzi ukiwa mzito, mtu hushawishika kuruka ukaguzi, na ukaguzi ni amana. Baada ya kosa lile nilimwomba msimamizi wangu wiki mbili za kushughulikia ujenzi wenyewe. Yafuatayo ndiyo niliyojifunza.

1. Ujenzi wa programu ni nini?

Msimbo tunaouandika ni maandishi tu. Ili uwe programu inayofanya kazi hupitia hatua kadhaa. Kwanza zinatafutwa maktaba ambazo programu inazitegemea. Pili, kompaila inageuza maandishi kuwa lugha ya mashine, au kuwa baitikodi kwa upande wa Java. Tatu, majaribio yanaendeshwa. Nne, vipande vyote vinafungwa pamoja kuwa kifurushi kimoja. Zoezi la darasani huyamaliza haya yote kwa sekunde chache. Mradi mkubwa wenye maelfu ya faili huyamaliza kwa dakika nyingi, na mwandishi hulazimika kuyapitia mara nyingi kwa siku.

Piga hesabu ndogo. Ujenzi wa dakika 47 ukirudiwa mara sita kwa siku ni dakika 282, karibu saa tano. Aidha, binadamu hakai akiitazama skrini kwa dakika 47. Hufungua simu, huanza maongezi, na akirudi ameshasahau alikuwa anafikiria nini.

2. Pima kwanza

Kosa la wanaoanza ni kutibu kabla ya kupima. Mimi mwenyewe nilianza kwa kudai laptopu mpya. Msimamizi wangu akaniuliza, "Dakika 47 zinakwenda wapi?" Sikuwa na jibu.

Nikachukua daftari. Maven humaliza ujenzi kwa kuandika muda uliotumiwa na kila moduli, na ripoti za majaribio huonyesha muda wa kila darasa la majaribio. Wanaotumia Gradle, hasa wanaotengeneza programu za simu za Android, waongeze `--profile` kwenye amri na watapata ripoti nzima. Daftari langu lilisema hivi:

- kutafuta na kukagua maktaba mtandaoni: dakika 6
- kompaila: dakika 9
- majaribio: dakika 28
- kufunga vifurushi: dakika 4

Jumla ni 47. Kumbe laptopu mpya yenye kompaila ya haraka mara mbili ingeniokolea dakika nne na nusu tu katika hatua ile. Ugonjwa mkubwa ulikuwa kwenye majaribio, na sikuwa nimeyadhania kabisa.

3. Usirudie kisichotenguka

Sasa tufike kwenye kichwa cha somo. Sote tunajua kwamba aliyetawadha kwa ajili ya Adhuhuri, ikaingia Alasiri na udhu wake haujatenguka, halazimiki kutawadha tena. Kinachomrudisha kwenye maji ni mojawapo ya mambo yanayotengua udhu. Wanazuoni wameweka pia, miongoni mwa kanuni tano kubwa za fiqhi, kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka: mwenye yakini kwamba alitawadha, kisha akashuku kama umetenguka, hubaki kwenye yakini yake.

Ujenzi mzuri wa programu hufuata mwendo huo. Faili ambalo halikuguswa, na wala halikuguswa lolote linalolitegemea, zao lake la jana lingali sahihi leo. Halina haja ya kujengwa tena.

Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1976, katika maabara za Bell Labs kule Marekani, Stuart Feldman alitengeneza chombo kiitwacho make. Kilichomsukuma ni malalamiko ya mwenzake, Steve Johnson, aliyepoteza asubuhi nzima akitafuta kosa katika programu ambayo alikuwa ameshaisahihisha. Faili lilikuwa limesahihishwa lakini halikupitishwa kwenye kompaila, kwa hiyo programu aliyokuwa akiiendesha ilikuwa bado ni ile ya zamani. Yaani udhu ulikuwa umetenguka naye hakujua. Make ilikuja kutibu mambo mawili kwa pamoja: kutorudia kilicho sahihi, na kutosahau kilichoharibika.

Make hutambua mabadiliko kwa kutazama saa. Chanzo kikiwa kipya kuliko zao lake, hujenga upya. Njia hii ni nyepesi, ila ina mtego. Laptopu yangu ya zamani ilikuwa imekufa ile betri ndogo ya saa, kwa hiyo kila ilipozimika kabisa iliamka na tarehe ya miaka ya nyuma. Nikihariri faili, faili hilo lilionekana kuwa la zamani kuliko zao lake, na make ikaliacha. Vyombo vya baadaye, kama ccache kwa lugha za C na C++, na Bazel iliyotolewa na Google kwa umma mwaka 2015, hutazama yaliyomo ndani ya faili badala ya kutegemea saa peke yake. Hupiga hesabu inayotoa alama ya kipekee ya maudhui. Alama ikiwa ileile, zao la zamani hutumika.

Sasa tujiulize: kwa nini kila siku tunaandika `mvn clean install`? Neno `clean` maana yake ni futa mazao yote ya jana, anza mwanzo. Wengi wetu tumelinakili kutoka kwa aliyetutangulia bila kuuliza. Hii ni hali ya mtu aliyeingiwa na wasiwasi, anayeosha mkono mara saba akidhani maji hayakufika. Nilipoliondoa neno `clean` katika kazi za kila siku, moduli ambazo hazikuguswa ziliacha kupitishwa kwenye kompaila.

Lakini sikiliza tahadhari. Chombo kinajua vitenguzi vile tu ulivyokitajia. Faili lako likisoma orodha ya dawa kutoka folda nyingine, nawe hukutaja utegemezi huo, orodha itabadilika na chombo kitaendelea kuamini kwamba udhu upo. Watu wakikumbwa na jambo hili mara mbili tatu hupoteza imani, wakarudi kwenye `clean` ya kila saa. Dawa yake ni kuutaja utegemezi uliofichika. Kufuta kila kitu kila mara ni kuukimbia ugonjwa bila kuutibu.

4. Punguza minyororo ya utegemezi

Kila moduli inapotegemea nyingine unazaliwa mnyororo. Moduli ya msingi ikiguswa, zote zinazoitegemea zinatenguka nayo. Katika mradi wetu kulikuwa na moduli moja iliyoitwa "pamoja". Kila mtu aliyekosa mahali pa kuweka kitu alikitupa humo: tarehe, rangi za skrini, majina ya wilaya, hesabu za dozi. Moduli 31 kati ya 34 zilikuwa zikiitegemea. Ukibadilisha rangi ya kitufe, mfumo mzima unajengwa upya, hata hesabu za dozi.

Tuliigawa mara nne kulingana na kazi. Ikumbukwe kwamba Maven, ikiona faili moja limebadilika, kwa kawaida huipitisha moduli nzima kwenye kompaila, kwa hiyo moduli ndogo zenye kazi moja zina faida mara mbili. Baada ya hapo nikajifunza kujenga ninachokihitaji tu:

- `mvn install -pl ripoti -am` hujenga moduli ya ripoti pamoja na zile inazozitegemea.
- `mvn install -pl ripoti -amd` hujenga moduli ya ripoti pamoja na zile zinazoitegemea.
- `mvn install -rf :ripoti` huendelea kuanzia moduli ya ripoti, iwapo ujenzi ulikatikia hapo.

Amri hii ya tatu ningeijua siku ile umeme ulipokatika, nisingerudi mwanzo.

Wanaotumia Gradle waangalie tofauti kati ya `api` na `implementation`. Utegemezi ukiandikwa `implementation`, unabaki siri ya moduli yako, na wanaokutegemea hawauoni wakati wa kompaila. Ukibadilika, wao hawalazimiki kupitishwa upya. Ukiandikwa `api`, siri imetoka nje na mabadiliko yake yanawafikia wote.

Wanaotumia C++ wana mtihani wa aina yake. Neno `#include` humimina maandishi yote ya faili la kichwa ndani ya faili lako. Kichwa kimoja kikiitwa na mafaili 300, kompaila inakisoma mara 300, na kikiguswa, yote 300 yanajengwa upya. Usiite kichwa usichokihitaji. Pale jina la darasa linapotosha, litangaze jina tu bila kumimina mwili wake wote.

5. Mabomba mengi

Nenda kwenye mabomba ya msikiti wetu wakati wa Magharibi. Mtu mmoja ana mpangilio wake: uso, kisha mikono, kisha kichwa, kisha miguu. Kwa madhehebu ya Shafi, tuliyo wengi wetu Afrika Mashariki, hawezi kuanza na miguu. Lakini watu kumi kwenye mabomba kumi hawangojani. Na bomba likiwa moja, wote kumi wanasimama kwenye foleni hata kama kila mmoja ana haraka.

Kompyuta nyingi za siku hizi zina viini vinne au zaidi, lakini Maven kwa kawaida hutumia bomba moja. Ukiongeza `-T 1C` unaiambia ifungue bomba moja kwa kila kiini, na moduli zisizotegemeana zitajengwa sambamba. Kwa make ni `-j4`. Kwa Gradle, andika `org.gradle.parallel=true` katika faili la `gradle.properties`.

Usitarajie miujiza. Mwaka 1967 Gene Amdahl alieleza mpaka wa jambo hili. Baada ya matengenezo nitakayoyataja hapa chini, ujenzi wetu mzima ulikuwa dakika 26. Kati ya hizo, dakika 10 zilikuwa za mnyororo usiogawanyika, kila moduli ikimngoja mwenzake. Dakika 16 ziligawanyika kwa viini vinne, zikawa 4. Jumla ikawa 14. Hata ungeniletea kompyuta yenye viini mia, nisingeshuka chini ya dakika 10. Ndiyo maana kukata mnyororo mrefu, kama tulivyofanya kwa moduli ya "pamoja", huja kwanza, na kununua mashine huja baadaye.

Angalia pia RAM yako. Laptopu yangu ina GB 8. Nilipofungua mabomba nane, kumbukumbu ilijaa, diski ikaanza kufanya kazi ya RAM, na ujenzi ukawa mzito kuliko mwanzo. Mengi kuliko uwezo si baraka.

6. Majaribio: usiyaruke, yafanye mepesi

Dakika 28 kati ya 47 zilikuwa za majaribio. Kishawishi cha kuyaruka kilitoka hapo, na tiba ilibidi itoke hapo hapo.

Nilipoyapitia moja moja niliona kwamba mengi yalikuwa yakiamsha mfumo mzima wa Spring pamoja na hifadhidata ya muda ya H2, hata pale ambapo jaribio lilikuwa la kuuliza tu kama tarehe moja iko kabla ya nyingine. Ni kama kuchinja ng'ombe kwa ajili ya bakuli moja la supu. Majaribio ya hesabu tupu tuliyaandika upya yasihitaji hifadhidata. Yale yanayoihitaji kweli tuliyaweka pamoja ili yatumie mfumo ulioamshwa mara moja, badala ya kila moja kuuzima na kuuwasha. Dakika 28 zikawa 13, na hatukufuta jaribio hata moja.

Tulipoyaendesha sambamba, mawili yalianza kufeli siku moja na kufaulu siku nyingine. Yote mawili yalikuwa yakiandika kwenye faili moja la muda. Kila jaribio likapewa folda yake, tatizo likaisha. Jaribio linalofeli bila mpangilio usilizoee, kwani siku litakapofeli kwa haki hakuna atakayeliamini.

Jua pia tofauti ya maneno mawili. `-DskipTests` huyapitisha majaribio kwenye kompaila bila kuyaendesha. `-Dmaven.test.skip=true` huyaacha kabisa, hata kompaila haiyaoni. Yote mawili ni ya mezani kwako unapojaribu wazo. Zao linalokwenda kwa mgonjwa lisipite mlango huo.

7. Akiba na bando

Dakika 6 zilikuwa za mtandao. Maven huhifadhi maktaba ilizopakua katika folda ya `.m2`, lakini baadhi yake, hasa zile za matoleo ambayo hayajakamilika, hurudi kuziulizia mtandaoni. Endesha `mvn dependency:go-offline` mara moja palipo na intaneti nzuri, kisha tumia `mvn -o` katika kazi za kawaida. Chombo kitatumia akiba na hakitagusa bando lako. Iwapo maktaba haimo kwenye akiba, ujenzi utasimama na kukuambia, ndipo ufungue mtandao.

Kwa wanafunzi jambo hili lina faida ya jamaa. Chumbani mkiwa wanne mnaosoma kozi moja, mmoja apakue, wengine wanakili folda kwa flashi. Ofisini unaweza kuwekwa mtambo mmoja unaohifadhi maktaba kwa ajili ya wote. Na ukitumia Gradle, `org.gradle.caching=true` hutunza mazao ya ujenzi, hata ukirudi kwenye tawi la msimbo la wiki iliyopita huanzi mwanzo.

Mambo mawili madogo ya kumalizia. Diski ya SSD badala ya diski ya kuzunguka huonekana mara moja kwenye kazi hii, maana ujenzi husoma na kuandika mafaili madogo kwa maelfu. Na Gradle huacha mtumishi wake macho kati ya ujenzi mmoja na mwingine ili Java isiamke upya kila mara. Kwa Maven kuna mvnd inayofanya kazi hiyohiyo.

Matokeo

Tulianza na dakika 47. Akiba iliondoa 6, zikabaki 41. Kuyarekebisha majaribio kuliondoa 15, zikabaki 26. Mabomba manne yakatushusha hadi 14. Huo ni ujenzi kamili, wenye `clean` na majaribio yote, na tunaufanya kila kabla ya kupeleka toleo zahanati, kwa sababu wakati huo kuanza mwanzo ni tahadhari na si wasiwasi. Kwa kazi ya kila siku, moduli niliyoigusa pamoja na zinazoitegemea, pamoja na majaribio yao, huchukua chini ya dakika mbili.

Siku ya mwisho ya mafunzo nilirekebisha tena orodha ya yule muuguzi. Nilijenga, majaribio yakapita, na jaribio la siku ya Ijumaa nilikaa nikalisubiri kwa jina lake. Gari lilikuwa halijaondoka bado.

Zoezi

1. Chukua mradi wako wa mwaka huu, pima ujenzi wake mara tatu, uandike wastani wa kila hatua kati ya zile nne.
2. Badilisha mstari mmoja wa msimbo, jenga bila `clean`, uhesabu ni moduli ngapi zimejengwa upya. Je, zote zilistahili?
3. Ujenzi wa dakika 30 una dakika 6 zisizogawanyika. Ukitumia viini vinne utachukua dakika ngapi? Na mpaka wake wa chini ni upi? (Jibu: 12, na 6.)
4. Tafuta utegemezi mmoja ambao chombo chako hakikutajiwa. Utaje.

Ndugu zangu, huko kazini hakuna mtihani wala msimamizi wa chumba. Mtu wa mwisho kukagua kazi yako huenda akawa mzee mwenye kadi mkononi. Tuifanye njia ya ukaguzi iwe nyepesi, ili siku ya haraka tusipate sababu ya kuikwepa.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.